Masizi Si Istiari

Ndugu mhariri, na nyinyi wenzangu wa kalamu mnaokutana kila mwisho wa mwezi kusomeana kazi, leo naomba nafasi niseme. Nimekaa kimya muda mrefu, na mtu aliyekaa kimya muda mrefu akifungua mdomo huonekana mgomvi. Haya, leo nakubali kuitwa mgomvi.

Toleo lililopita la gazeti letu hili lilikuwa na mashairi manne yenye msumeno wa mnyororo ndani yake. Nimehesabu. Katika shairi la kwanza msumeno ni shetani. Katika la pili ni meno ya ubepari. Katika la tatu ni kilio cha mama dunia (sijui ni mama gani analia kwa mlio wa injini, lakini tuyaache hayo), na katika la nne ni mauti yenyewe. Mashairi manne, na hakuna hata moja ambalo msumeno unakunywa petroli. Hakuna ambamo mtu anavuta kamba mara kumi na mbili, bega linauma, na mashine haiwaki. Hakuna ambamo msumeno una mwenyewe.

Na mimi nilipoleta hadithi yangu, kurasa sita za kijana anayekwangua masizi kwenye injini ya chenso iliyotumika, mwenzetu mmoja mnayemheshimu sana, jina namhifadhia, aliifunga katikati, akanirudishia na kusema: "Mdogo wangu, hii si fasihi, hii ni gereji." Watu wakacheka. Na mie nikacheka, maana ukichekwa mbele za watu utafanyaje? Lakini usiku sikulala. Nilikuwa najiuliza, ni nani aliyetuambia kwamba gereji iko nje ya fasihi? Ilipigwa kura lini?

Kwanza niwaambie nilikotoka, msije mkasema huyu ni mpenda misumeno tu. Mimi natoka Olbalbal. Wapo kati yenu waliopita pale wakienda Serengeti kwa safari ya shule, wakafunga vioo kwa sababu ya vumbi. Ni lile bonde kavu chini ya kreta ya Ngorongoro, ambako korongo la Oldupai humwaga maji yake mvua ikinyesha, na mvua ikigoma hubaki tifutifu. Kwetu mti ni kitu unachoweza kukihesabu. Oltepesi mmoja mkubwa unaweza kuwa baraza la wazee asubuhi, kanisa Jumapili na kivuli cha ndama mchana. Ndani ya hifadhi kukata mti mbichi ni kosa, na kuni tunaokota zilizokwisha kauka. Kwa hiyo, ndugu zangu, thamani ya mti naijua, na siijui kwa kusoma.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja jinsi yalivyokuja. Nikapanda mlima, nikazunguka ukingo wa kreta, nikatoka geti la Lodoare na kushukia Karatu. Hadi leo mchana nashinda gereji na usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Niko kaunta buku ya nne.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alinitangulia Karatu. Aliuza ng'ombe wawili akanunua chenso iliyotumika, toka kwa mtu aliyeileta kutoka Dar es Salaam. Kazi yake ni kuitwa na wakulima wa Rhotia, Oldeani na Mbulumbulu kukata migrevilea na mikaratusi waliyoipanda wenyewe mipakani mwa mashamba yao. Ule msitu wa juu, unaowapa watu wa Karatu maji, hajaugusa na haombi kuugusa. Ng'ombe wawili kwa Mmasai si hela, jamani. Ni watu wawili wa familia. Basi mjue kwamba tunaposema mashine ile ilikuwa inakufa, hatuzungumzii chuma.

Ilianza hivi. Ikiwa baridi inawaka. Ukiiacha inanguruma taratibu, sawa. Ukivuta mafuta ili ikate, inakohoa, inatoa moshi mzito, inakosa nguvu, mnyororo unasimama katikati ya gogo kama ng'ombe aliyegoma kuvuka mto. Halafu inachemka hadi mpini unakuwa moto. Mjomba akaipeleka kwa fundi mmoja akaambiwa imechoka, auze spea. Ndipo akaileta kwangu.

Sasa hapa ndipo mnaponiambia "gereji". Ngojeni kidogo, nina sababu ya kuwaingiza humu.

Injini ya chenso ni tu-stroki, yaani inamaliza kazi yake kwa mipigo miwili tu ya pistoni. Haina oili yake pembeni kama gari. Oili inachanganywa na petroli, inaingia pamoja nayo, inalainisha, halafu inatakiwa iungue itoke na moshi. Isipoungua yote, inabaki. Inayobaki inapikwa na joto inakuwa masizi, kwanza laini ya kupaka vidole, baadaye magumu kama ukoko wa ugali ulioungulia chunguni. Yanajijenga juu ya kichwa cha pistoni, kwenye plagi, kwenye mifereji inayoshika ringi, na zaidi ya kote kwenye tundu la kutolea moshi na ule wavu mdogo ulio ndani ya ekzosi. Tundu likibanwa, moshi wa zamani hautoki vizuri na hewa mpya haipati nafasi. Mashine inajinyonga kwa pumzi yake yenyewe. Hilo ndilo kohozi alilokuwa akilisikia mjomba.

Na kwa nini oili haikuungua? Mjomba alikuwa anachanganya kwa jicho. Oili nzuri ya tu-stroki kwa kawaida ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli. Yeye aliambiwa na muuzaji kwamba oili nyingi ndiyo uhai wa mashine, akawa anamimina karibu mara mbili, na siku akikosa ile ya tu-stroki anatia oili ya gari. Chujio la hewa lilikuwa limeziba kwa unga wa mbao. Na kuna jambo la tatu ambalo nalipenda, kwa sababu ni la huku kwetu. Kabureta ile ilikuwa imepangwa kwa hewa ya pwani. Karatu iko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukielekea ukingo wa kreta unazidi 2,000. Huku hewa ni nyepesi. Kabureta isipopunguzwa mafuta, inaendelea kumimina petroli ileile kwa hewa pungufu, kama mama anayepika kwa ajili ya watu waliokwisha hama. Kinachozidi kinakuwa masizi. Niambieni, kati ya washairi wanne wa toleo lililopita, nani alijua kwamba msumeno mmoja ukiwa Kariakoo ni mzima na ukiwa Karatu ni mgonjwa?

Nilifungua ekzosi. Ule wavu, ambao ukitazama mwanga unatakiwa uone matundu, ulikuwa kibamba cheusi. Niliupasha kwenye jiko la mkaa, nje kabisa, mbali na petroli, hadi ukawa mwekundu na masizi yakageuka majivu, nikayapiga brashi ya waya. (Jiko nililiazima kwa mama lishe jirani. Aliponiona naweka nini juu yake akalichukua, nikamlipa soda ndipo akanirudishia.) Halafu nikavuta kamba taratibu mpaka pistoni ikapanda na ubavu wake ukaziba tundu la moshi, ili nitakachokwangua kisidondoke ndani. Nikachonga kijiti cha mti laini, bapa kama ulimi, nikaanza kukwangua.

Kijiti, narudia. Ndani ya silinda ya chenso kuna alumini iliyopakwa tabaka jembamba na gumu, na juu ya tabaka hilo ndipo ringi inapoteleza maelfu ya mara kwa dakika moja. Ukiingiza bisibisi, masizi yatatoka haraka na utajiona fundi. Lakini bisibisi haijui masizi yanaishia wapi na silinda inaanzia wapi. Kijiti kinajua, kwa sababu kikifika kwenye chuma kinashindwa.

Nilipofuta ndipo nilipoiona. Mistari mitatu juu ya tundu, mirefu kama kucha za chui. Kumbe yule fundi wa kwanza alikwisha kuifungua. Aliingiza bisibisi, akakwaruza, akaona kazi ngumu, akafunga, halafu akamwambia mjomba imechoka. Nilikaa chini kwenye tairi bovu. Sikuwa na hasira hata, nilikuwa nimeishiwa nguvu tu. Nilijua nitamwambia nini mjomba na nilijua atanijibu nini.

Ilibidi nivue silinda nzima, kwa sababu ringi ilikuwa imegandia mferejini, haichezi. Niliziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi, nikailoweka ile pistoni kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi ringi ikaanza kusogea, unywele mmoja hivi, kisha mwingine. Ringi ya chenso inavunjika kama biskuti, ukiilazimisha umekwisha. Ilipotoka nikasafisha mfereji kwa kipande cha ringi nyingine kuukuu iliyovunjika, maana upana wake ndio uleule. Mafundi wote wa zamani wanafanya hivyo. Wakati wa kurudisha, kuna kipini kidogo ndani ya mfereji, na ncha mbili za ringi lazima zikutane pale. Zikikaa pengine, ncha moja itanasa kwenye tundu na injini itajimaliza kwa sekunde. Nilitazama mara nne.

Sasa najua mnachofikiri. Mnafikiri, aha, kijana anatupeleka mahali. Masizi ni dhambi za taifa. Kijiti laini ni hekima ya wazee. Ringi kuukuu inayosafisha njia ya ringi mpya ni kizazi na kizazi. Naapa, mkiniandikia hivyo tutagombana! Masizi ni masizi. Ni mafuta ambayo hayakuungua. Nikisema mjomba alikuwa na masizi, maana yangu ni kwamba watoto wake wangerudishwa shule kwa michango. Huo ndio ugonjwa wetu sisi chipukizi: hatuwezi kuona kitu bila kukivua nguo na kukivisha maana. Tunaogopa kitu kikibaki kitu, watu watasema hatukusoma.

Na huo msumeno mnaouita mauti, hebu nikupeni habari zake kidogo. Miaka ya 1830, kabla madaktari hawajajua kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, Mjerumani mmoja, Bernhard Heine, alitengeneza kifaa chenye mnyororo wa meno kinachozungushwa kwa mkono. Kilikuwa cha kukatia mifupa ya wagonjwa ili wapone. Karibu miaka mia baadaye, 1927, Mjerumani mwingine, Emil Lerp, aliupeleka msumeno wake wa petroli kuujaribu kwenye mlima uitwao Dolmar, na mlima ule ukawa jina la mashine. Ulikuwa wa kushikwa na watu wawili. Mngeyajua hayo, shairi la nne lingekuwa gumu zaidi kuandika. Lingekuwa zuri zaidi pia.

Mwenzetu mmoja aliniambia baadaye, kwa upole, nashukuru, kwamba riwaya si kitabu cha mafundi. Nakubaliana naye. Kitabu cha mafundi kitakuambia usitumie bisibisi. Riwaya itakuambia nani analipa bisibisi ikiteleza, na nani alitumia bisibisi kwa sababu alikuwa na mashine saba za kumaliza kabla ya jua kuzama na mke mgonjwa nyumbani. Lakini ndugu yangu, utayaandikaje hayo ya pili kama hujui kwamba bisibisi inakwaruza? Utaandika "fundi alifanya kazi ovyo". Ovyo vipi? Msomaji wa Manzese, wa Ngarenaro, wa Karatu sokoni, anajua ovyo ina sura ngapi. Yeye anakusoma akitafuta kama unamjua. Akikuta humjui, anafunga kitabu, na sisi tunakutana mwisho wa mwezi kulalamika kwamba Watanzania hawasomi.

Kilomita chache kutoka kwetu ni Oldupai. Mwaka 1959 Mary Leakey aliokota pale fuvu lililoipa dunia nzima habari, na mwaka 1971 akatoa kitabu kinene juu ya machimbo yake, chenye kurasa kwa kurasa za mawe. Si mawe ya dhahabu, ni mawe yaliyogongwa na kubanduliwa vibanzi ili yapate makali. Jiwe limepigwa upande gani, mara ngapi, kwa jiwe lipi. Wasomi wa dunia wanakaa kusoma kwa heshima jinsi mkono wa mtu wa miaka zaidi ya milioni moja na nusu iliyopita ulivyoshika zana. Mkono wa mjomba wangu unaoshika zana leo, hatua chache kutoka palepale, ndio mnaoniambia si mada.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hakijawahi. Adam Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979, hakuogopa kunuka jasho la gati. Alichukua bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, akatupa mizigo, mabega na mshahara. Hakuna aliyemrudishia mswada akamwambia "hii si fasihi, hii ni bandari". Ama labda alikuwepo, na yeye akaendelea kuandika.

Lakini nitasema lililo chini kabisa ya moyo, maana nimeshaanza. Sisi watu wa Olbalbal tunajua kugeuzwa istiari kulivyo. Katika riwaya zenu za mjini Mmasai ni yule mlinzi wa geti mwenye rungu, hana jina, kazi yake ni kuonyesha kwamba mwenye nyumba ni tajiri. Kwenye kalenda tumesimama mguu mmoja tukitazama machweo. Tangu mwaka 2022, watu wa Ngorongoro walipoanza kupelekwa Msomera kule Handeni, nimeshasoma zaidi ya shairi moja linalotuita miti iliyong'olewa. Wameandika kwa nia njema, sina shaka. Lakini mti hauna deni dukani. Mti haujiulizi mbuzi watasafiri vipi. Jirani yangu aliyeondoka aliacha redio kwetu kwa sababu haikuwa na betri na hakutaka kubeba kitu kisicholia. Hiyo redio haimo katika shairi lolote, na mie ndiyo ninayoikumbuka.

Kwa hiyo mnaposema "hii ni gereji", mie nasikia jambo jingine. Nasikia kwamba mahali ninaposhinda siku sita kwa juma, maneno ninayoyasema, plagi, ringi, ekzosi, gasketi, ni maneno ya kuvuliwa mlangoni kama viatu vyenye tope. Basi mimi siingii pekupeku. Kaunta buku zote nne zimejaa maneno hayo, na ya tano nimeshanunua.

Mtataka kujua iliishaje. Nilifunga silinda, nikaweka gasketi mpya, nikapunguza mafuta kwenye kabureta, nikasafisha chujio kwa maji ya sabuni na kuliacha likauke, nikachanganya petroli kwa kipimo cha chupa ya dawa ya kikohozi. Mjomba alikuwa amekaa kwenye lile tairi bovu, hasemi kitu. Nilivuta mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu ikawaka. Moshi ulikuwa mwepesi. Baada ya siku kumi za kazi nilifungua plagi kutazama, ilikuwa na rangi ya kahawia kama ugoro, ndiyo rangi inayotakiwa. Lakini ile mistari mitatu ipo. Pumzi inavuja pale, mashine haina nguvu yake yote, mikaratusi minene inaikwepa. Silinda mpya ni pesa ambayo mjomba hana msimu huu. Nilimwambia ukweli. Aliniuliza, "Na aliyekwaruza ni nani?" Nikamjibu sijui. Nilikuwa najua. Yule fundi naye tunakula kwa mama lishe mmoja, na nimeshamwona akihesabu sarafu.

Hilo ndilo lilikuwa ukurasa wa sita wa ile hadithi. Hamkufika.

Jumamosi nipo gereji tangu saa mbili asubuhi, kuna chenso nyingine mbili zimeletwa, moja haijafunguliwa kabisa. Yeyote katika nyinyi anayetaka kuandika shairi la tano aje. Kalamu si lazima. Aje na kipande cha mti laini, bisibisi aache nyumbani.